Mtoto Aliyekataa Ziwa la Kushoto

Aliyesema kwanza hakuwa mama wa mtoto. Alikuwa mama mkwe wake, mwanamke wa miaka sitini na ushei, mwenye mfuo hafifu kwenye paji la uso kama walivyo wanawake wengi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, waliobeba mizigo kwa kamba ya kichwani tangu usichana. Aliketi, akampakata mjukuu, akasema kabla sijafungua daftari: "Muganga, hii maziba ya kushoto iko mubaya. Mutoto anaikatala. Miye mwenyewe niliionja, iko chungu."

Mama wa mtoto hakuinua macho. Ana miaka 22, na huu ni uzazi wake wa kwanza. Mtoto ni wa kiume, wiki 7. Ziwa la kulia alinyonya vizuri tangu siku ya kwanza. La kushoto, kuanzia wiki ya pili, akisogezwa tu anajikunja, analia, anaachia. Kule alikojifungulia walimwambia mtoto ni mvivu, ampe chupa. Unga wa maziwa una bei, na maji ya kuchemsha yanataka makala (makaa), kwa hiyo ushauri ule ulibaki maneno. Ziwa lilivimba, likauma, kisha likaanza kupungua lenyewe. Ukweni wakaanza kunong'ona. Kwenye chumba cha maombi waliambiwa kuna mtu "alifunga" ziwa hilo.

Mimi ni kinesi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Baadaye niliongeza masomo ya osteopatia, tiba ya kutumia mikono peke yake kupapasa, kulegeza na kusogeza misuli na viungo. Chumba changu cha kazi kiko Kadutu, hapa Bukavu, na wengi wanaopanda mpaka kwangu ni mama wabeba mizigo wenye shingo ngumu, vijana wa moto, yaani pikipiki, waliovunjika mtulinga, wazee wa magoti. Watu hawasemi osteopata, wanasema "muganga wa kunyoosha". Silipendi jina hilo, hasa mgonjwa anapokuwa na kilo nne. Kunyoosha ni neno la waya na bati.

Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu wenzangu wawili waliposikia matokeo walisema, "Unaona, osteopatia inaponya watoto." Jambo lenyewe halikwenda hivyo, au halikwenda hivyo tu.

Nilimwomba mama anyonyeshe mbele yangu, kabla sijamgusa mtoto. Katika kazi hii dakika kumi za kutazama zina faida kuliko nusu saa ya kupapasa, na hata hivyo ni wachache wanaozitoa, kwa sababu mgonjwa aliyelipa anataka kuona mikono ikitembea. Ziwa la kulia: mtoto akashika mara moja, akameza kwa sauti. La kushoto: uso ukarudi nyuma, mgongo ukajipinda kama upinde, kilio. Bibi akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Lakini tazama jinsi mtoto anavyolala hapo. Mama wa huku kwetu, akipeleka mtoto ziwa la kushoto, humpakata kichwa kikiwa kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto. Mtoto akiwa amelala karibu chali, kifua cha mama kiko kuliani kwake. Ili apate chuchu lazima ageuze uso kulia. Kwenye ziwa la kulia mambo yanageuka: uso unakwenda kushoto. Kwa hiyo mtoto anayekataa ziwa moja huenda hajui lolote kuhusu maziwa. Huenda ni upande ule wa kugeukia ndio usiokubali.

Nikamlaza kwenye mkeka. Sikio la kulia lilikuwa limeinamia bega la kulia, kidevu kimeelekea kushoto. Nikiita kutoka kushoto alinifuata kwa macho na shingo. Nikiita kutoka kulia alinifuata kwa macho tu, kichwa kikabaki. Nyuma ya kichwa, upande wa kushoto, palikuwa bapa, na sikio la kushoto limesogea mbele kidogo. Nikamshika kichwa taratibu: kwenda kushoto kidevu kilipita bega bila shida, kwenda kulia kilikwama kabla hakijafika. Kwa kukadiria ilikuwa digrii 60 kulia dhidi ya 100 na zaidi kushoto. Mtoto mchanga mwenye shingo huru hugeuka digrii kama 110 kila upande, kuliko wewe na mimi.

Kisha vidole vyangu vikapita kwenye msuli wa kulia wa shingo, ule mrefu unaoanzia nyuma ya sikio na kushuka mpaka juu ya kifua na kwenye mtulinga. Katikati yake kulikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa punje ya haragwe nono.

"Ile nayo tunaijua," mama mkwe akasema. "Ilitokea kwa juma ya tatu. Nilikuwa naikanda na mawese, iyeyuke."

Hapo ndipo mama wa mtoto aliponitazama mara ya kwanza. Alikuwa hajaniambia habari ya uvimbe kwa hofu ya jibu nitakalompa.

Niliuliza uzazi ulikuwaje. Mtoto alitanguliza makalio, na kumtoa kulichukua muda. Kwa aliyeona visa hivi kabla, hadithi ilikuwa karibu imekamilika: msuli wa shingo ulibanwa au ulivutwa, tumboni au wakati wa kuzaliwa, ukafanya kovu na kufupika. Uvimbe wa aina hiyo hutokea wiki ya pili mpaka ya nne, hukua kidogo, kisha hupotea wenyewe katika miezi inayofuata. Msuli wa kulia ukifupika, kichwa huinamia kulia na uso hugeukia kushoto. Wafaransa wanaita tortikoli ya kuzaliwa nayo. Kwetu ni shingo iliyopinda, na inatosha.

Karibu imekamilika si imekamilika. Shingo ya mtoto inaweza kuinama kwa sababu nyingine ambazo mikono laini haiwezi kuzifaa, na mojawapo inaweza kumuua. Pingili za shingo zinaweza kuwa zimeungana tangu tumboni. Mtulinga unaweza kuwa umevunjika wakati wa kumtoa mtoto. Neva za mkono zinaweza kuwa zimevutwa, na hilo hutokea kwa waliotanguliza makalio. Jicho moja likiwa haliko sawa na lingine, mtoto huinamisha kichwa ili aone vizuri. Tezi iliyojaa usaha. Uvimbe ndani ya kichwa. Nilitafuta homa, sikuipata. Ngozi juu ya kile kigumu ilikuwa ya kawaida, bila wekundu wala joto, na mtoto hakulia nilipokigusa. Mikono yote miwili ilipiga hewa sawasawa. Macho yalifuata. Hatapiki, na kichwa kinainama upande ule ule kila siku, hakibadiliki.

Kosa langu la kwanza liko hapa na naliandika wazi: siku hiyo sikupima nyonga. Mtoto aliyetanguliza makalio, tena mwenye shingo iliyopinda, nyonga zake ni za kukaguliwa bila kusubiri, kwa sababu mambo hayo mawili hutembea pamoja. Nilikumbuka usiku, nikiwa nimelala.

Na siku hiyo sikumtibu. Nilimwandikia barua kwa daktari wa watoto na kuomba ekografi ya shingo, picha ya mawimbi ya sauti.

Mama mkwe alisimama. "Tulilipa moto kutoka Panzi mupaka hapa, na haumugusi?"

Nilimjibu kwamba nilikwishamgusa, na kwamba kugusa ndiko kulikonifanya nimpeleke mbele. Halikumridhisha. Mimi binafsi nafuata kanuni ambayo si ya nchi yetu: nchini Ufaransa, amri ya Machi 2007 inamtaka osteopata asiye daktari awe na cheti cha daktari kabla ya kushughulikia kichwa, uso au uti wa mgongo wa mtoto wa chini ya miezi 6. Hakuna mtu atakayeniuliza cheti hicho Kadutu. Ndiyo sababu najiuliza mwenyewe.

Pesa ya ekografi ilichukua siku 4 kupatikana. Majibu: uvimbe uko ndani ya msuli wenyewe, tezi ni za kawaida. Daktari alikagua nyonga (nilimwandikia barua ya pili, fupi, ya aibu), akazikuta ziko sawa. Akaandika "kinesi" na sahihi. Mtoto alikuwa anaingia wiki ya 8.

Niseme kidogo juu ya tiba yenyewe, maana wenye kuipenda na wenye kuicheka wote huisema vibaya. Andrew Taylor Still, daktari wa Marekani, aliitangaza mwaka 1874 na kufungua shule ya kwanza mjini Kirksville, jimbo la Missouri, mwaka 1892. Mwaka 1864 watoto watatu wa nyumba yake walikuwa wamekufa kwa homa ya uti wa mgongo, na dawa za enzi ile hazikuwafaa kitu. Mtu aliyezika watoto watatu ana haki ya kuchukia chupa za dawa. Lakini alipofika mahali pa kuamini kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na mifupa na viungo visivyokaa sawa, alivuka mpaka, na wako wanaovuka pamoja naye mpaka leo. Marekani, wanaohitimu shule zake siku hizi ni madaktari kamili, wanaandika dawa na kupasua. Ulaya ni kazi ya mikono. Uingereza iliitungia sheria mwaka 1993, Ufaransa mwaka 2002. Kuna tawi lingine, la William Garner Sutherland, linalosema mifupa ya fuvu ina mwendo wake ambao kidole kilichofunzwa kinaweza kuuhisi. Osteopata wawili wanapoulizwa mwendo huo katika kichwa kimoja, kila mmoja huhisi wa kwake. Mimi sikumwambia mama huyu habari ya fuvu kutembea, na kichwa cha mtoto sikukibonyeza.

Nilichofanya ni hiki. Mtoto amelala, kiganja changu kimoja chini ya kisogo, kingine juu ya kifua karibu na bega la kulia. Namfuata kwanza kule anakopenda, kushoto, mpaka msuli wa kulia ulegee. Nangoja. Kisha namrudisha katikati, na kumpeleka kulia mpaka pale anaposema hapana, na mtoto husema hapana kwa bega na pumzi kabla ya kusema kwa kilio. Nangoja hapo tena. Hakuna kuvuta kwa ghafla, hakuna mlio wa kiungo. Kwa mtoto wa umri huo mambo hayo hayafanywi. Nguvu yake ni ya mtu anayebonyeza parachichi sokoni huku mwenye parachichi anamwangalia.

Ziara mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Mzunguko wa kulia uliongezeka kidogo mezani, na akirudi wiki inayofuata umepungua tena. Ziara ya tatu niliiharibu. Ilikuwa Jumatatu, benchi limejaa, mama mmoja mbeba mizigo analia mgongo mlangoni. Nilimshika mtoto kama mtu mwenye foleni. Akakaza bega, nikaendelea kidogo, akalia, nikajaribu kumtuliza huku mikono yangu bado iko shingoni. Kilio kikapanda.

"Leta," bibi akasema.

Hakungoja nimpe. Alimchukua, akamlaza kwenye mapaja yake mwenyewe, kiganja juu ya kifua, akaanza kuimba kwa Kishi, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, wimbo wa mstari mmoja unaorudi. Hakufanya kitu kingine. Zilipita kama dakika tatu. Mtoto akapumua kwa kukatakata, akapiga mwayo, mabega yakashuka. Ndipo bibi alipoinama na kuupeleka uso wake mwenyewe upande wa kulia, taratibu, akiendelea kuimba, na mtoto akamfuata. Kidevu kilifika begani. Mimi sikuwa nimewahi kukifikisha hapo.

Ningeweza kusema bibi alikuwa na kipaji. Ukweli ni wa kawaida zaidi. Alifanya lile nililofundishwa kufanya, kungoja mpaka mwili ukubali, na hakuwa na foleni. Jambo la pili: mtoto aligeuka mwenyewe. Msuli unaorefushwa na mtu mwingine na msuli unaotumiwa na mwenyewe havilingani. Mtoto akigeuka kwa hamu yake, upande wa pili wa shingo unafanya kazi na kupata nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayokirudisha kichwa katikati.

Kuanzia siku hiyo matibabu yalifanyika mapajani pa bibi. Mimi nilipiga magoti sakafuni. Walioko kwenye benchi walicheka, wakazoea.

Ziara ya nne nilinusa mawese. Katika mikunjo ya shingo kulikuwa na rangi ya manjano, na kola ya fulana nyeupe imechafuka. Bibi alikuwa anaendelea kukikanda kile kigumu kila asubuhi, kwa kidole gumba, kwa bidii ya mtu anayempenda mjukuu. Mama mtoto alikuwa anajua na hakuwa na ubavu wa kumkataza. Nani ana ubavu wa kumkataza mama mkwe anayekulipia moto?

Sikumgombeza. Kumwambia mwanamke wa umri ule "acha" ni kumwambia arudi kufanya ukiwa hupo. Nilimwomba vitu viwili asiviguse, kile kigumu na utosi, nikamwachia mgongo, miguu na tumbo akande atakavyo. Nikampa kazi. Nilimwonyesha namna ya kumbeba mtoto kwa ubavu: mtoto amelala upande wa kulia, uso nje, mkono wa mbebaji umepita kati ya sikio la kulia na bega, ukikiinua kichwa kiende kushoto. Msuli uliofupika unafunguka bila mtu kuushika.

"Kama kubeba mukungu ya ndizi," akasema.

Kama kubeba mkungu. Alimbeba hivyo uani, kwa jirani, na kanisani pia, nilivyoambiwa. Sidhani kuna zoezi nililowahi kutoa likafanywa mara nyingi kama lile.

Mambo ya nyumbani yalikuwa mengine matatu, na hakuna lililogharimu faranga.

La kwanza kitanda. Niliuliza wanavyolala. Kitanda kimegusa ukuta, mtoto upande wa ukuta, mama upande wa nje. Mtoto akilala chali, ukuta uko kuliani kwake, na kushoto yuko mama, harufu ya maziwa, taa, mlango, sauti zote za dunia. Nani atageukia ukuta? Usiku mzima, wiki saba, alikuwa anafanya mazoezi ya kupinda. Nikawaambia walale kichwa palipokuwa miguu. Ukuta ukahamia kushoto, mama akahamia kulia. Baba wa mtoto alilalamika kwamba sasa taa ya jirani inampiga usoni, na wakatundika kitenge dirishani. Mtoto abaki chali usingizini, bila mto, hilo sikulibadilisha.

La pili kunyonya. Kumlazimisha ageuke kulia kwenye ziwa la kushoto wakati bado anaumia kungemfanya alichukie zaidi. Kwa hiyo kwanza tulimdanganya: amshike mtoto chini ya kwapa la kushoto, miguu ikitokea nyuma, ili anyonye la kushoto huku uso umegeukia kushoto anakokupenda. Siku ile ile, chumbani kwangu, alilishika. Mama yake aliangua kilio. Bibi alinyamaza muda mrefu kidogo, akasema labda chungu ilikwisha. Kati ya kunyonya na kunyonya, mama alikamua kwa mkono ili ziwa lisikauke. Shingo ilipolegea, baada ya wiki kadhaa, tulirudi kwenye namna ya kawaida ya kupakata, na sasa kunyonya lenyewe likawa zoezi la kugeuka kulia.

La tatu kumlaza kifudifudi akiwa macho, kwenye mkeka au juu ya kifua cha mama, dakika chache mara nyingi. Na katika kubadilisha nepi, mama anashika bega la kulia kwa kiganja, mkono mwingine unampeleka kichwa kulia, anahesabu polepole mpaka kumi, anaachia. Akikaza, anaacha. Mgongoni hakuwa anabebwa bado. Alipoanza, kitenge kipandishwe kishike kisogo, na shavu litakalogusa mgongo wa mama liwe la kushoto.

Wiki ya 10 alipata chanjo na homa ya siku mbili, ziara moja ikaruka, kisha nyingine kwa mvua iliyokata njia. Nilitegemea kumkuta amerudi nyuma. Alikuja wiki ya 12 akiwa mbele kuliko nilivyomwacha. Wiki mbili bila mikono yangu, na kitanda, mkungu na nepi vikiendelea. Ukurasa huo wa daftari nimeurudia mara nyingi.

Ziara zikapungua. Karibu na miezi 4 na nusu kidevu kilipita bega pande zote mbili. Miezi 5 sikukipata tena kile kigumu. Kwa jumla nilimtibu mara 8, kama dakika 20 kila mara. Haifiki saa 3 za mikono yangu katika miezi minne. Malipo yalikuja kwa vipande, safari moja kwa beseni la sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, wa siku hiyo, ambao niseme walikuwa wazuri kuliko bei yangu.

Sasa, nani alifanya nini? Miongozo ya wakinesi wa watoto wa Marekani ya mwaka 2018 inaweka mbele mambo ya aina hii: kurefusha msuli wa shingo taratibu, kumfanya mtoto ageuke mwenyewe, kupanga mazingira, kuelimisha wazazi. Na inataja muda: matibabu yakianza kabla ya mwezi 1, watoto 98 kati ya 100 hupata mzunguko kamili wakifikia miezi 2 na nusu. Yakianza baada ya mwezi 1, safari inakwenda kama miezi 6. Yakianza baada ya miezi 6, inaweza kuchukua miezi 9 au 10, na wanaofika ni wachache zaidi. Mtoto wetu alianza karibu na miezi 2 na akamaliza ndani ya kipindi kinachotarajiwa. Hakuna muujiza humo. Mguso laini wa osteopatia, ukiutenga na hayo mengine, ushahidi wake kwa shingo ya namna hii ni mwembamba, na mwenye kuuza mguso huo peke yake kwa mama wa Panzi anamwuzia kipande kidogo kwa bei ya kizima.

Hata hivyo sitasema saa zangu tatu zilikuwa bure. Zilimwonyesha mama, kwa macho yake, kwamba shingo ile inaweza kufika kulia bila kuvunjika. Kabla ya hapo alikuwa anaogopa hata kumwosha mikunjo ya upande ule. Mikono yangu ilipima, ikakataa siku ya kwanza, ikafundisha mikono mingine miwili mahali pa kushika na mahali pa kuachia. Kama kuna kitu nilichotibu moja kwa moja, ni hofu ya mama huyo, na ada ya hofu sijui niiandike kwenye safu gani ya daftari.

Mama aliniuliza, katikati ya ziara, kama naweza pia kumtoa mtoto kilio cha jioni, kile cha tumbo. Amesikia kuna wanaokitoa kwa mikono. Nilimwambia ukweli: watafiti walikusanya majaribio 6 yenye watoto 325, wakachapisha mwaka 2012. Mwanzoni ilionekana watoto waliotibiwa kwa mikono walipunguza kilio, kwa zaidi ya saa moja kwa siku. Lakini walipobakiza majaribio ambayo wazazi hawakujua mtoto yupi ametibiwa na yupi hakutibiwa, tofauti haikusimama tena. Akanijibu kwamba basi atangoja kikome chenyewe. Kilikoma, kama kawaida yake, karibu na mwezi wa nne. Kama ningekubali kumtibu, mwezi huo wa nne ungeandikwa kwa jina langu.

Faili nililifunga akiwa na miezi 5 na nusu, nikawaambia warudi atakapoanza kusimama, maana kichwa kinaweza kuanza kuinama tena mtoto anapojifunza jambo jipya. Walirudi akiwa na miezi 13. Alitembea kwa kushika ukuta wa korido yangu, akageuka kulia kumtazama kijana wa magongo, akageuka kushoto kumtafuta mama yake. Akichoka kichwa huinama kidogo kulia, kidogo sana, mpaka umtazame katika picha. Nyuma ya kichwa upande wa kushoto bado pana ubapa, nywele zimeuficha. Ziwa la kushoto la mama lilibaki dogo kuliko mwenzake, lakini lilinyonyesha mpaka siku hiyo.

Kwenye benchi bibi alikuwa ameketi kati ya wanawake wawili wabeba mizigo, akiwasimulia. Nilimsikia kupitia mlango ulio wazi. Maziwa yalikuwa machungu, aliyaonja mwenyewe, na yeye ndiye aliyeyaponya, kwa mawese, akisaidiwa kidogo na huyu muganga wa kunyoosha.